Karatasi za Ugonjwa Wetu ni Mali Yetu



Kurasa hizi za Kiswahili ziliwekwa kwa ajili ya wenzetu waliovuka mipaka kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya, wakaja kuvuja jasho pamoja nasi hapa Uganda. Safari hii tuna neno ambalo linawahusu wao kwanza, ingawa mwisho wake litatufikia sote. Ni habari ya watu wanaoomba ukaazi wa kudumu katika nchi za mbali, na maswali wanayoulizwa juu ya magonjwa waliyowahi kuugua.

Jioni moja baada ya zamu, mwenzetu wa chumba cha kukaushia chai alikuja katika ofisi ya tawi letu, huku upande wa Fort Portal. Ni Mkongo, baba wa watoto watatu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Mkewe alitangulia Kanada kwa njia ya ukimbizi, akapata ukaazi, na sasa anawaombea mume na watoto wamfuate. Barua ya kuwaita kwa daktari wa uchunguzi ilikuwa imefika. Tulidhani ndugu huyu anataka tumwombee ruhusa ya siku mbili kwa meneja. Kumbe shida yake ni nyingine.

Dalali wa mjini aliyempokea pesa ili amsaidie kujaza fomu alimwambia hivi: ukiulizwa kama umewahi kuugua kifua kikuu, jibu hapana. Sasa sisi tunajua, na kambi nzima inajua, kwamba mwaka 2016 ndugu huyu alilazwa, akameza dawa miezi 6 bila kukosa siku, akapona, akarudi kazini. Alituuliza swali moja tu: "Nikisema kweli watanikataa. Nikisema uongo je?"

Tulimwambia asidanganye. Lakini tukubali wazi kwamba siku ile tulisema hivyo kwa desturi tu, kama mzazi anavyomwambia mtoto. Hatukuwa na ujuzi wa sheria za huko. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Basi tulikwenda kuuliza kwa wanaojua, tukasomewa kanuni, tukarudi na majibu, na majibu hayo ndiyo tunayotaka kila tawi liyapate.

La kwanza ni hili. Sheria ya Kanada inamzuia mtu kwa ajili ya afya kwa sababu tatu. Moja, akiwa na ugonjwa wa hatari kwa wengine, kama kifua kikuu kinachoambukiza sasa hivi au kaswende isiyotibiwa. Ya pili, akiwa na hali inayoweza kuhatarisha usalama wa watu. Ya tatu, ikiwa matibabu yake yataitwisha serikali ya huko gharama kubwa kupita kiasi. Angalieni vizuri: hakuna mahali paliposemwa kwamba mtu aliyeugua kifua kikuu akapona anafungiwa mlango. Hata yule ambaye bado anaumwa huambiwa atibiwe kwanza, kisha faili yake inaendelea. Na sababu ile ya tatu, ya gharama, haiwahusu wakimbizi, wala mke, mume na watoto wanaoombewa na mtu wao aliyeko huko. Kwa hiyo mwenzetu huyu alikuwa anaogopa kivuli.

La pili ni picha ya kifua. Dalali anaweza kuandika hapana kwa wino mweusi au wa kijani, lakini mapafu hayajui kudanganya. Kifua kikuu mara nyingi huacha kovu, hasa juu ya pafu, na kovu hilo linaonekana kwenye picha hata baada ya miaka mingi. Daktari akiliona ataagiza makohozi yapelekwe maabara. Kuotesha vijidudu si kazi ya siku moja, huchukua wiki 6 hadi 8. Mtu mwenye kovu aliyesema kweli tangu mwanzo, na mwenye karatasi ya kuonyesha tarehe ya kuanza dawa, majina ya dawa na tarehe ya kumaliza, atasubiri wiki hizo na pengine ataambiwa akifika ajitokeze kwa maafisa wa afya wamwangalie. Aliyeandika hapana ana mambo mawili ya kujibu, kovu na uongo.

Na uongo ndio wenye adhabu. Katika sheria ya Kanada, mtu akikutwa amesema uongo au ameficha jambo kubwa katika maombi yake, anafungiwa miaka 5. Zamani ilikuwa miaka 2, wakaongeza. Kovu peke yake lingemchelewesha miezi michache, uongo ungemtenga na mkewe miaka 5. Waswahili walikwisha sema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayemuumbua ni mashine ya picha.

Tunawachukia madalali hawa, tusifiche. Wanakula pesa ya kabwela kwa kumfundisha namna ya kujiharibia. Yeye dalali hasaini mahali popote. Sahihi ni yako, dole gumba ni lako, na kesi ni yako.

Kuna habari nyingine inayotuuma zaidi. Mwanachama wetu wa zamani, aliyekuwa mpiga dawa shambani, alipata nafasi ya kupelekwa Kanada na familia yake. Binti yake mdogo ana kifafa. Watu wakamwambia, ukimwandika huyu mtoto wote mtakwama, mwache kwa bibi, utamwita baadaye. Akamwacha. Hakumtaja kabisa katika fomu. Hakujua kwamba kanuni ya huko inataka kila mtoto aandikwe na achunguzwe, hata asiyesafiri, na kwamba yule asiyetajwa anaweza kukosa haki ya kuombewa na mzazi wake baadaye. Mwaka 2019 Kanada ilianza kulegeza kanuni hiyo kwa majaribio kwa baadhi ya watu, na ndugu yule bado anahangaika na barua. Binti yuko kambini kwa bibi yake. Kwa njia waliyopitia wao, ya ukimbizi, kifafa cha mtoto kisingewazuia kwa ajili ya gharama. Yule aliyemshauri alikuwa amesikia mambo ya nchi nyingine akayachanganya, kwa maana Australia, katika aina nyingi za viza za kudumu, mmoja wa familia akishindwa uchunguzi wa afya wote wanashindwa. Nchi si moja na sheria si moja. Uvumi wa sokoni umemtenga mtoto na baba yake.

Tusije tukafahamika vibaya kwamba tunazisifu nchi hizo. Hatuzisifu. Tunaona ubaya wa jambo lenyewe, na tutausema.

Mfanyakazi anapoomba kuhamia huko kwa njia ya kazi, mwili wake unapigiwa hesabu. Kanada iliweka kiwango cha mwaka 2025 kuwa dola 27,162 za huko kwa mwaka mmoja, gharama zako zikizidi hapo unaweza kukataliwa. Australia wanahesabu dola 86,000 za kwao, kiwango walichokipandisha Julai 2024. Nyuzilandi walipandisha chao kutoka dola 41,000 hadi 81,000 mwaka 2022. Mtu mwenye figo mbovu anayehitaji kusafishwa damu kila wiki anavuka mstari huo mara moja. Mtu wa presha au sukari anayemeza vidonge vya kawaida kwa kawaida havuki. Mwenye virusi vya Ukimwi anayetumia dawa vizuri hafungiwi mlango moja kwa moja kama zamani. Marekani yenyewe iliwazuia watu hao kwa miaka zaidi ya 20, hadi marufuku hiyo ilipoondolewa Januari 2010.

Matajiri wanajitetea katika hesabu hizo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kesi za familia mbili zenye watoto wenye ulemavu wa akili. Familia hizo zilikuwa na mali, zikasema tutalipa wenyewe shule na walimu. Mahakama ikasema maofisa lazima waangalie hali ya kila mwombaji, wasimhukumu kwa jina la ugonjwa tu. Ni uamuzi mzuri, tunaupokea. Lakini mchuma chai atasema atalipa na nini?

Ndiyo maana tunataka mumfahamu Juana Tejada. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, mama kutoka Ufilipino, aliyeingia Kanada mwaka 2003 kuwa mtumishi wa ndani na mlezi. Kabla ya kuingia alipimwa, akaonekana mzima. Akafanya kazi miaka mitatu nyumbani kwa watu kama masharti yalivyotaka, ndipo akaomba ukaazi wa kudumu. Wakampima tena. Safari hii ikaonekana ana saratani ya utumbo. Akakataliwa, eti atakuwa mzigo kwa hospitali za serikali.

Fikirini hapo, ndugu zangu. Alipoingia alikuwa na nguvu, nguvu hizo wakazitumia, na alipougua akiwa kazini kwao wakamwambia arudi kwao. Hiyo ni tabia ya mwenye shamba anayemfukuza mchumaji siku mgongo wake unapokatika. Tunaijua sana, haina haja ya kupanda ndege kwenda kuiona.

Lakini Juana Tejada hakukaa kimya, na Wafilipino wenzake hawakumwacha peke yake. Walipiga kelele, mambo yakaandikwa magazetini, na Julai 2008 serikali ikageuza uamuzi ikampa ukaazi. Alifariki Machi 2009. Mwaka 2010 kanuni ikabadilishwa, watumishi wa ndani wa mpango ule wasipimwe tena mara ya pili wanapoomba ukaazi. Watu wakaiita kanuni hiyo kwa jina lake. Tena mwaka 2016 mwalimu wa chuo kikuu huko Toronto, mtu wa Costa Rica, alikataliwa kwa sababu mwanawe ana ugonjwa wa Down. Kelele zikapigwa tena, akakubaliwa. Mwaka 2018 Kanada ikapandisha kiwango cha gharama mara 3 na ikaacha kuhesabu gharama za elimu maalumu. Basi sheria hizi si mlima. Zimekwisha kusogezwa, na waliozisogeza ni waombaji waliosema ugonjwa wao hadharani.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa bahasha ya kaki, maana hapo ndipo kazi ya chama ilipoanza.

Alikubali kuandika kweli. Tukamwambia alete karatasi za matibabu ya 2016. Hana. Alitibiwa katika zahanati ya kampuni, na kadi yake ilibaki huko alipomaliza dawa. Tukaenda pamoja naye kuomba nakala. Mganga msaidizi akasema hana ruhusa, nendeni kwa ofisa utumishi. Ofisa utumishi akasema faili za wagonjwa ni mali ya kampuni. Tulirudi mara ya pili, akasema mnataka faili ili mtushitaki. Mara ya tatu tukaambiwa faili za miaka ile ziliungua. Kampuni hiyo hatuitaji hapa kwa sababu mazungumzo nayo yanaendelea, na wenyewe watajijua.

Jambo hili lilitukasirisha kuliko yote. Huyu mtu amevuta vumbi la chai miaka 11. Analala kambini katika chumba kimoja na wenzake, dirisha dogo, na kila mtu anajua kifua kikuu kinapenda vyumba vya namna hiyo. Kwa hiyo kovu alilipata hapa hapa. Halafu karatasi inayosema kwamba kovu hilo limepona inaitwa mali ya kampuni!

Bahati ilitujia kwa njia nyingine. Dawa za kifua kikuu hutolewa na serikali, na wagonjwa huandikwa katika daftari la kituo cha afya. Mama mmoja muuguzi katika kituo cha serikali alitufungulia daftari la mwaka ule, akapekua ukurasa kwa ukurasa, akalikuta jina, tarehe ya kuanza, matokeo ya makohozi na neno "amepona". Akaandika barua, akagonga muhuri. Hakudai hata senti. Ndugu yetu amekwenda Kampala na barua hiyo, picha imepigwa, kovu limeonekana kama tulivyotegemea, makohozi yako maabara. Anasubiri. Majibu ya uchunguzi yakitoka yatadumu miezi 12, kwa hiyo muda anao.

Yeye alipata muuguzi mwenye huruma. Wangapi hawatampata?

Kuna wanachama waliotuuliza katika mkutano: kwa nini chama kipoteze nguvu kwa watu wanaoondoka? Mtu akishapanda ndege halipi tena ada. Swali hilo si la kipuuzi na hatukulidharau. Tulijibu kwamba karatasi ya ugonjwa haina kazi ya Kanada tu. Waulizeni wachimba dhahabu wa Afrika ya Kusini, na wenzao waliotoka Lesotho, Msumbiji na Malawi. Mapafu yao yalijaa vumbi la mawe, wengi wakapata kifua kikuu. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha mapatano ya kuwalipa fidia, kwa waliofanya kazi chini ya ardhi tangu mwaka 1965, hata kwa familia za waliokufa. Lakini ili ulipwe lazima kuwe na ushahidi wa kazi uliyofanya na ugonjwa ulioupata. Aliyetunza karatasi ana mahali pa kuanzia. Kwa hiyo asiyesafiri anaihitaji faili yake sawasawa na anayesafiri, na pengine zaidi, kwa sababu yeye atabaki na meneja yule yule.

Na haki hiyo haituhitaji kupiga magoti. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Katika sheria hizo mtu ana haki ya kuomba habari zake zinazoshikwa na ofisi au kampuni. Ugonjwa wako ni habari yako. Tena Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1985, unasema uchunguzi wa afya ya mfanyakazi usimpunguzie mshahara, uwe wa bure, na kadiri iwezekanavyo ufanywe saa za kazi. Tulipomtajia ofisa utumishi sheria ya 2019 aliomba tumwandikie jina lake kwenye karatasi. Inaonekana hakuwahi kuisikia. Hatumcheki, na sisi tuliisikia majuzi tu.

Basi kila mwanachama aanze leo na kitu kidogo. Ukitibiwa, omba barua kabla hujatoka mlangoni: ugonjwa gani, tarehe gani, dawa gani, umemaliza lini. Kadi za chanjo za watoto usizitumie kufunikia sufuria, tumeziona. Weka karatasi hizo katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, mbali na paa linalovuja. Anayejaza fomu ya kwenda nje aje tawini kabla ya kwenda kwa dalali. Tutamsomea maswali kwa Kiswahili au kwa lugha yake, bure, na yaliyosemwa hapo yatabaki hapo. Kuhusu siri tunawaonya makatibu wa matawi kwa ukali: katibu atakayetoa nje habari ya ugonjwa wa mwanachama atajibu mbele ya halmashauri.

Kwa upande wa kampuni, tumeingiza kifungu kipya katika madai ya mapatano ya mwaka huu. Kinasema kwamba kila mfanyakazi, wa kudumu au kibarua, apewe nakala ya karatasi zake za zahanati ndani ya siku 14 baada ya kuomba, bila malipo na bila kuulizwa anaipeleka wapi. Na kwamba anayeacha kazi apewe faili nzima siku anapochukua malipo yake ya mwisho. Meneja amejibu kwamba wataliangalia. Tumemwomba aandike jibu hilo kwa barua, pamoja na tarehe.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili saa 8 mchana chini ya mwembe karibu na mizani. Wapiga dawa, wa boila na wa chumba cha kukaushia waje na kadi zao za zahanati, hata zilizochanika. Tunataka kuhesabu ni wangapi wanazo.